Mwanangu, hao watu wanaona

Mwanangu,

Marahaba. Ile sauti uliyonitumia Jumapili nimeisikiliza mara tatu, na mara ya tatu nilitoka nje nikaketi barazani peke yangu. Unasema hapo godauni kwenu Kurasini umeweka sanduku la maoni, umechapisha fomu, na kila Jumatatu asubuhi unasimama mbele ya watu dakika kumi kuzungumzia usalama. Miezi minne imepita, sandukuni umetoa karatasi sita, na mbili kati ya hizo zinaomba mshahara uongezwe. Ukaniuliza, "Mama, nifanye nini hawa watu waone kwamba usalama ni jambo lao?"

Nimeamua kukuandikia kwa sababu jibu langu halitoshi kwenye sauti ya dakika mbili, na pia kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo sijawahi kukusimulia.

Kwanza, hao watu wanaona. Dereva wa foklifti anajua ni ipi inayochelewa kushika breki. Wapakiaji wanajua paleti zilizooza, na wanajua rafu ipi imepinda tangu ilipogongwa. Mama anayefagia zamu ya usiku anajua mafuta yanamwagikia wapi, maana ndiye anayeyapangusa. Ukitaka kusikia hatari zote za hapo kazini, nenda saa saba kwa mama ntilie nje ya geti, agiza wali maharage, kaa usikilize. Yote yanasemwa pale. Kinachopaswa kukusumbua ni kwa nini yanaishia pale.

Mimi najua kwa nini, kwa kuwa niliwahi kuwanyamazisha watu.

Wewe ulikuwa darasa la tatu. Nilikuwa msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha sabuni, kule Barabara ya Pugu. Sehemu yangu ilikuwa ya kukata miche. Miche ikishakatwa ilisafiri juu ya mkanda mpaka kwa wafungashaji, na mwisho wa mkanda kulikuwa na rola lenye kava la wavu. Sabuni ilikuwa ikiganda kwenye ule wavu na mkanda unakwama, basi fundi akalitoa kava, akaliegemeza ukutani. Alisema ni kwa muda. Mkanda ukaacha kukwama, miche ikatoka mingi kwa zamu, na mimi nikafurahi.

Vijana wawili walinifuata. "Mama, lile rola liko wazi." Nikawajibu, "Nimesikia, tutaangalia," nikaandika kwenye daftari la zamu. Wiki iliyofuata mmoja wao akarudi na neno lile lile. Siku hiyo tulikuwa nyuma ya hesabu na nilikuwa nimeshasemwa na meneja. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Kama kazi imekushinda, pale getini wapo wengi wanaisubiri." Hakusema tena. Hakuna aliyesema tena, na mimi niliuchukua ule ukimya kuwa ni utulivu.

Hazikupita wiki tatu. Kibarua mgeni, siku yake ya pili kazini, aliona sabuni imeganda kwenye rola akaipangusa kwa mkono, mkanda ukiwa unakwenda. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Jioni ile ile kava lilirudishwa. Fundi alitumia nusu saa. Nilisimama pale nikimtazama anavyokaza boliti, na nusu saa ile mpaka leo sijaisahau. Ripoti ikaandikwa kuwa ni uzembe wa mfanyakazi, nami nikatia sahihi.

Kwa hiyo usiponisikiliza kwa lingine lolote, nisikilize kwa hili: mtu akikuambia kuna hatari, umeshaingia deni, na deni hilo hulipwa kwa jibu. Wale vijana walinikopesha mara mbili. Mara ya kwanza sikulipa, mara ya pili nikawatukana. Kwa nini wangenikopesha tena?

Watu wako nao bila shaka walishawahi kusema, kabla hujaja, wakamwambia mtu aliyekutangulia. Usiwaombe maoni mapya kwanza. Chukua mambo matano ambayo yameshasemwa, hata ukiyapata kwa mama ntilie, yawe yale yaliyo ndani ya uwezo wako bila kupeleka barua kwa mkurugenzi: taa iliyoungua juu ya ngazi, shimo pale foklifti zinapokatia kona, rafu iliyopinda. Yamalize ndani ya wiki moja. Halafu weka ubao pale wanaposaini kuingia, uandike kwa Kiswahili chepesi: nini kilisemwa, nani anashughulikia, kitakwisha lini. Kisichowezekana kiandike pia, na sababu yake. Mtu anaweza kulipokea neno "haiwezekani sasa, pesa ya rafu mpya itatoka mwezi wa saba". "Tutaangalia" hawezi kuipokea, ameshaisikia maisha yake yote.

Na lile sanduku, mwanangu, liko wapi? Kama nawajua maofisa, limetundikwa nje ya mlango wa ofisi ya utumishi, na fomu yake ina kurasa mbili. Kibarua wa siku hataonekana amesimama pale akiandika. Wewe ndiye uende kwake. Zunguka, hasa zamu ya usiku ambayo wakubwa hawaijui, na usiulize "kuna tatizo lolote?" maana jibu ni "hakuna, dada". Muulize, "Kazi hii akija mdogo wako kuifanya kesho, ungemwambia ajihadhari na nini?" Utakaa hapo nusu saa.

Kuna kitu cha Toyota kule Japani ambacho mhandisi mmoja alitusimulia zamani. Juu ya mstari wa kuunganishia magari kulikuwa na kamba. Mfanyakazi yeyote akiona kasoro anaivuta, kiongozi wa kundi anakuja pale pale, na lisipotatulika upesi mstari mzima unasimama. Wengi wakisikia habari hiyo wanaishangaa kamba. Mimi nilimshangaa yule kiongozi anayekuja.

Sasa kuhusu ubao wa "Siku bila ajali" ambao bosi wako anaupenda. Na sisi tulikuwa nao, tena wenye zawadi: idara ikimaliza miezi mitatu bila ajali, kila mtu kilo tano za mchele na lita moja ya mafuta. Ikiwa imebaki wiki moja, mwanamke mmoja wa sehemu yangu alirukiwa mkononi na soda ya kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni inayounguza ngozi. Wenzake wenyewe walimbembeleza asiseme. Alijifunga kitambaa, akashusha mkono wa shati, akafanya kazi mpaka zamu ikaisha, kisha akaenda zahanati kwa pesa yake. Mchele tuliupata. Mimi niliupika nyumbani na wewe uliula, na nilikuja kujua baadaye sana.

Siku hizi kuficha vile kunamuumiza mtu mara mbili. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa sheria ya mwaka 2008, na jeraha ambalo halikuandikwa popote litadaiwaje? Mwombe bosi wako ubao ubaki lakini uhesabu kitu kingine: hatari ngapi zimetajwa mwezi huu, ngapi zimekwisha. Mwanzoni hesabu ya hatari itapanda sana. Mtayarishe mapema asije akaogopa, kwa sababu kupanda huko ndiko unakokutafuta.

Habari ya wawakilishi wa usalama unaijua kuliko mimi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inawataka, na wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, wakija watawauliza. Ninachouliza mimi ni nani aliyewachagua. Kama wote ni masupavaiza walioteuliwa na meneja, kibarua hatamwendea mtu yule yule anayeandika majina ya watakaoitwa kesho. Waache wachague wenyewe, na vibarua wawe na wa kwao. Na kama kuna kibarua anayekatwa pesa ya gambuti au helmeti, anza na hilo kabla ya yote. Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1981 unasema wazi kwamba gharama za usalama zisimwangukie mfanyakazi. Huwezi kumwambia mtu usalama ni wetu sote huku unamuuzia viatu.

La mwisho ndilo gumu, nalo ni ruhusa ya kusimamisha kazi. Unakumbuka jengo la Rana Plaza, kule Bangladesh? Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana ukutani. Benki na maduka ya chini yakafungwa. Washonaji wa nguo wa ghorofa za juu walirudishwa kazini kesho yake asubuhi, na wengi walikuwa wanaogopa, walikuwa wameziona nyufa kwa macho yao. Jengo likaanguka, watu zaidi ya 1,100 wakafa. Hawakuhitaji mafunzo wala fomu kuiona ile hatari. Walikosa mtu wa kuwaambia: ukiogopa, baki nje, mshahara wako upo.

Mkurugenzi wenu aseme maneno hayo kwa mdomo wake, mbele ya zamu zote mbili. Halafu ngojea siku mtu wa kwanza atakapoyajaribu. Atasimamisha foklifti na lori liko mlangoni, dereva anapiga honi, na huenda ikaja kuonekana foklifti ilikuwa nzima. Siku hiyo godauni zima litakuwa linakutazama wewe. Mshukuru pale pale, wenzake wakisikia, na ule muda uliopotea ubebe wewe kwa bosi. Ukikunja uso tu, itakuwa kama mimi na yule kijana wa rola.

Kitu kimoja hukuniambia. Karatasi sita, mbili za mshahara. Zile nne zilisema nini? Nimesikiliza sauti yako mara tatu nikizitafuta. Kesho ukifika zitoe, tafuta walioziandika, na hao wawili wa mshahara uwajibu pia hata kama jibu ni hapana. Kisha jioni nipigie unisomee.

Mama yako,
Tandika