Mau, hatimiliki na kura: maswali yenu wiki hii

*Mahakama ya Arusha iliwapa Waogiek haki mwaka 2017. Mbona bado wanafurushwa? (Msomaji, Njoro)*

Mahakama haina askari. Mei 26, 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema Kenya imevunja haki za Waogiek, jamii ya wawindaji na warina asali wa Msitu wa Mau. Juni 23, 2022 ikaagiza walipwe fidia ya shilingi milioni 157.85, na ardhi yao ipimwe na kusajiliwa kwa jina la jamii. Kazi hiyo ikaachiwa serikali ileile iliyoshindwa kesi. Novemba 2023 nyumba zikabomolewa Sasimwani, Narok.

*Lakini si kweli kwamba watu ndio wanaomaliza msitu? (Mama wa watoto wawili, Kisumu)*

Watu gani, mama? Serikali iliwaambia majaji hivyohivyo, na haikuweza kuthibitisha kwamba Waogiek ndio walioharibu Mau. Majaji walitaja wavamizi wengine, vipande vilivyomegwa na serikali yenyewe, na vibali vya kukata miti vilivyotolewa ovyo. Mwaka 2001 Mau Mashariki ilimegwa zaidi ya hekta 35,000, ikidaiwa kuwa ni kwa ajili ya Waogiek. Ukipita huko leo, uliza mashamba ni ya nani. Mrina asali anayetundika mizinga juu ya mti hana sababu ya kuuangusha.

*Si afadhali kila mtu apewe hatimiliki yake? (Kijana wa Molo)*

Ya mtu mmoja huuzwa karo ikikaba. Katiba, kifungu cha 63, inahesabu ardhi za asili za jamii za wawindaji kuwa ardhi ya jamii. Mimi ningeshikilia hapo.

*Marufuku ya kukata miti iliondolewa 2023. Msitu wa Kakamega je? (Msomaji, Shinyalu)*

Tangazo lilihusu miti ya kupandwa iliyokomaa, si misitu ya asili kama Kakamega. Ukisikia msumeno humo, piga ripoti.

*Mgombea ametuahidi mashamba Mau 2027 akishinda. Tumwamini? (Jina limehifadhiwa, Kuresoi)*

Ahadi hii huzaliwa upya kila uchaguzi. Chini ya Sheria ya Misitu ya 2016, mpaka wa msitu wa umma haubadilishwi kwa hotuba: lazima ombi lipelekwe Bunge la Kitaifa au Seneti na wananchi washirikishwe. Mwulizeni ombi lake liko wapi. Akianza kuzungumzia mvua, mpeni chai aende zake.