Safari ya Australia ni ya nyumba nzima: maswali na majibu

Barua nyingi za mwezi huu zinaanza na swali moja: nataka kwenda Australia, nianzie wapi? Nami hujibu kwa kuuliza: nyumbani mko wangapi, na kila mmoja ana umri gani? Visa inayomfaa baba inaweza kumfunga mama mikono asifanye kazi, au ikamwacha mtoto mmoja nyuma. Mimi na mume wangu tuliondoka Tanga na watoto wawili, sasa tunaishi Adelaide, na makosa tuliyoyafanya ndiyo yananifanya nijibu kwa urefu. Sijasajiliwa kuwa wakala wa uhamiaji. Naeleza kanuni zilivyo, kesi yenyewe mpelekee aliyesajiliwa. Dola zote ninazotaja ni za Australia, na ada hubadilika karibu kila tarehe 1 Julai, kwa hiyo tazama tovuti ya Idara ya Mambo ya Ndani ya Australia kabla ya kulipa chochote.

Shikamoo dada. Mimi ni nesi mwenye shahada, nina miaka 33 na uzoefu wa miaka 6. Mume wangu ni dereva wa lori, aliishia kidato cha nne. Tuna mtoto mmoja. Wenzangu kazini wanasema kwenye visa ya pointi mume ataniangusha. – Mama Neema, Mwanza

Marahaba, mdogo wangu. Visa ya pointi hukupima kwa umri, elimu, uzoefu na Kiingereza, basi hebu tupige hesabu. Umri wa miaka 33 hadi 39 unakupa pointi 25. Ungekuwa na 32 ungepata 30, na ukifika 40 zinashuka hadi 15, kwa hiyo mwaka wa kusitasita unaumiza. Shahada ni 15. Uzoefu wa nje ya Australia wa miaka 5 hadi 7 ni 10. Kwenye Kiingereza, ukipata 7 katika kila sehemu ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS unapewa 10, na ukipata 8 kila sehemu unapewa 20. Tuseme umepata 7. Jumla yako ni 60, na kiwango cha chini ni 65.

Hapo ndipo mumeo anapokubeba. Akipata 6 katika kila sehemu ya IELTS anakuongezea pointi 5, hata kama kazi yake haimo kwenye orodha yoyote ya kazi zinazotakiwa Australia. Tayari mna 65. Tena anawaokolea pesa. Mwenzi anayeshindwa kuonyesha Kiingereza cha kawaida hutozwa ada ya ziada ya karibu dola 4,900. Kanuni inakubali miaka 5 ya sekondari iliyofundishwa kwa Kiingereza kuwa ushahidi, lakini aliyesoma msingi kwa Kiswahili akaishia kidato cha nne ana miaka 4 tu. Aliyefika kidato cha sita anavuka, wa kidato cha nne anahitaji mtihani. Kwa hiyo ada ya darasa la Kiingereza la mumeo iwe ya kwanza kwenye bajeti yenu.

Pointi 65 zinakuruhusu kuingia kwenye foleni tu, wanaoitwa mapema ni wenye nyingi zaidi. Visa 189 haina mdhamini. Visa 190 inadhaminiwa na jimbo na inaongeza pointi 5. Visa 491 inaongeza 15, ni ya miaka 5, na mnatakiwa kuishi nje ya Sydney, Melbourne na Brisbane. Baada ya miaka 3 mnaweza kuomba ukazi wa kudumu kupitia visa 191. Watu wengi wanaikwepa 491 kwa sababu si ya kudumu tangu mwanzo. Mimi naona inawafaa ninyi kuliko zote: mumeo ataruhusiwa kufanya kazi, mtakuwa na Medicare, yaani bima ya afya ya serikali, na miji kama Adelaide, Perth na Hobart imo ndani yake.

Jambo la mwisho kwako: ANMAC, baraza la ithibati la wauguzi, hukutathmini kwa ajili ya visa, lakini AHPRA, mamlaka ya usajili wa watoa huduma za afya, ndiyo inayokuruhusu kumgusa mgonjwa. Kwa muuguzi aliyesomea kwetu, usajili wa AHPRA kwa kawaida hupitia mtihani wa NCLEX-RN na kisha mtihani wa vitendo, OSCE, unaofanyika hapa Adelaide. Wapo manesi waliofika na visa mkononi wakakaa miezi mingi bila kugusa kazi yao. Anza vyote viwili sambamba.

Habari yako dada. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Wakala mmoja hapa ananiitisha shilingi laki nne anitafutie mwajiri wa Australia wa kunidhamini. Anasema familia itafuata baadaye. Nimpe? – Kaka wa Likoni, Mombasa

Usimpe, kaka. Kuuza au kununua udhamini ni kosa kwa sheria ya Australia. Ada ya mwajiri ya kukupendekeza na tozo ya mafunzo anayolipa serikalini ni mzigo wake mwenyewe, haruhusiwi kukubebesha wewe. Unachoweza kulipa ni ada ya visa yako, na hiyo huingia kwenye akaunti ya serikali mtandaoni, haipiti kwenye simu ya mtu.

Visa ya mwajiri ni 482, ambayo tangu tarehe 7 Desemba 2024 inaitwa Skills in Demand. Inadai kazi iwe kwenye orodha, uwe na uzoefu wa angalau mwaka mmoja, na mshahara usipungue kiwango kilichowekwa. Tarehe 1 Julai 2025 kiwango hicho kiliwekwa kuwa dola 76,515 kwa mwaka. Wakala akikuonyesha mkataba wa nusu ya hapo, ujue ni karatasi ya kupigia watu.

Na hilo la familia kufuata baadaye, muulize kwa nini. Mke na watoto wanaweza kuwemo kwenye ombi lile lile, na mke anaruhusiwa kufanya kazi. Kumbuka tu kwamba 482 haiwapi Medicare, mtanunua bima, na baadhi ya majimbo hutoza karo kwa watoto wa visa za muda. Baada ya miaka 2 ya kazi mwajiri anaweza kukupendekeza kwa visa 186 ya kudumu.

Je, Australia ina bahati nasibu kama ya Marekani? Nimetumiwa fomu WhatsApp. – Msomaji wa Kigoma

Kwa Mtanzania, Mkenya, Mrundi au Mkongomani hakuna. Kura iliyopo ya ukazi wa kudumu ni ya watu wa visiwa vya Pasifiki na Timor-Leste. Futa fomu hiyo, na kama uliijaza namba ya kitambulisho au ya benki, waarifu benki leo.

Dada, mtoto wetu wa pili ana selimundu. Tumeshauriwa tumwache kwa bibi yake na tusimtaje kwenye fomu, ili wengine tupite. – Baba wa watoto watatu, Bunda

Barua hii niliisoma mara mbili. Ndugu yangu, tafadhali msifanye hivyo. Mtoto anayewategemea lazima atajwe, na kwa kawaida hupimwa, hata kama atabaki kwa bibi. Mkimficha na ikagundulika, mnaweza kunyimwa visa kwa miaka 3 kwa kutoa taarifa za uongo. Baya zaidi, mtoto ambaye hakutajwa huenda akafungiwa mlango siku mtakapotaka kumleta.

Ukweli mchungu ni huu: kwenye visa za 189 na 190, mmoja akishindwa kipimo cha afya familia yote imeshindwa. Lakini hawaangalii jina la ugonjwa, wanakadiria gharama. Daktari wa serikali ya Australia hukadiria matibabu na huduma kwa miaka kadhaa, na tangu 1 Julai 2024 kikomo ni dola 86,000. Makadirio yakizidi hapo ndipo ombi linapokwama. Watoto wawili wenye selimundu wanaweza kupata majibu tofauti, mmoja akiwa analazwa kila baada ya miezi miwili na mwingine akiwa ametulia kwa dawa.

Kwa hiyo nendeni kliniki yake mkaombe barua yenye maelezo kamili: amelazwa mara ngapi na lini, ameongezewa damu mara ngapi, anatumia dawa ya haidroksiyurea kwa kipimo gani, mahudhurio yake yakoje. Zile kadi za kliniki zilizochakaa msizitupe, kila muhuri ni ushahidi. Kisha mwulizeni mtaalamu kuhusu visa zenye nafasi ya msamaha wa afya. Visa ya mwenzi na zile za kibinadamu zinayo, na baadhi ya visa za mwajiri pia. Kwenu ninyi njia ya mwajiri inaweza kuwa bora kuliko ya pointi, hata kama pointi zinatosha.

Hii ndiyo kesi ambayo ningetoa pesa kumlipa wakala kabla ya kulipa ada yoyote. Wakala halali ana namba ya usajili, MARN, yenye tarakimu 7. Itafuteni wenyewe mtandaoni kwenye rejista ya OMARA, ofisi inayosajili mawakala wa uhamiaji, mlinganishe jina. Wanasheria wa Australia nao wanaruhusiwa kushauri.

Mke wangu, miaka 36, amepata nafasi ya shahada ya uzamili Melbourne. Tunataka kwenda wote na watoto wawili, tukifika tutajua mbele. – Kaka wa Dodoma

Kaka, mbele ndiko kwa kuangalia kwanza. Visa ya mwanafunzi ni 500, ada yake ni dola 2,000 tangu Julai 2025. Mtaonyesha pesa za kujikimu mwaka mmoja: 29,710 za mke, 10,394 zako, 4,449 kwa kila mtoto. Hizo ni 49,002, kabla ya karo ya chuo, karo ya watoto wa shule, nauli na bima ya afya. Zikitoka kwenye kikoba au zikikopwa wiki moja kabla zitaulizwa, maana wanataka kujua pesa zimetoka wapi.

Uzuri wake ni kwamba mke akishaanza masomo ya uzamili, wewe unafanya kazi bila kikomo cha saa. Yeye ana saa 48 kwa wiki mbili wakati wa muhula. Tatizo ni umri. Visa 485 ya wahitimu, ambayo wengi huitegemea kama daraja, tangu 1 Julai 2024 ina ukomo wa miaka 35 kwa shahada nyingi za masomo ya darasani. Atamaliza akiwa na 38. Basi daraja hilo kwenu halipo, na itabidi atoke masomoni moja kwa moja kuingia kwenye pointi au kwa mwajiri. Je, fani anayosomea imo kwenye orodha ya kazi zinazotakiwa? Kama haimo, ningebadilisha kozi kabla ya kuuza kiwanja.

Asalaam aleikum. Mama yetu ana miaka 68, yuko Unguja. Watoto tuko watano: wawili Melbourne, mmoja Muscat, mmoja London, mmoja amebaki naye. Twaweza kumleta moja kwa moja? – Mwana wa Mji Mkongwe

Waaleikum salaam. Kuna kipimo cha mizani ya familia: angalau nusu ya watoto wawe wanaishi Australia kwa ukazi wa kudumu, au walioko Australia wawe wengi kuliko walio katika nchi nyingine yoyote moja. Mko wawili huku na mmoja mmoja kwingine, kwa hiyo mnavuka, ilimradi nyote wawili mna ukazi wa kudumu. Ila foleni ndiyo itakayowavunja moyo. Visa ya kawaida ya wazazi inachukua miongo, na ile ya kuchangia, ambayo malipo yake ya pili ni dola 43,600 kwa mzazi, husubiriwa kwa zaidi ya miaka 10.

Kwa mama wa miaka 68 mimi ningemwombea visa 870, ya muda ya wazazi. Ni ya miaka 3 au 5, anaweza kukaa hadi jumla ya miaka 10, na haina kipimo cha mizani. Hafanyi kazi, na gharama za matibabu ni zenu, hivyo bima ni lazima muiwekee pesa. Lakini pia muulizeni mama. Wapo wazee waliokuja wakajikuta wamefungiwa ndani ya nyumba yenye baridi, watoto wako kazini, hakuna jirani wa kumpigia hodi.

Jambo dada. Niko Kakuma na mke na watoto wanne. Kaka yangu yuko Brisbane. Mtu hapa anaomba dola 300 ili atuandikishe. – Ndugu kutoka Kivu

Pole kwa miaka ya kusubiri, ndugu. Ombi la visa za kibinadamu, 200 hadi 204, kwa kawaida halina ada, na huduma za UNHCR ni za bure. Njia yenu ni 202: kaka yako, akiwa mkazi wa kudumu au raia, anajaza fomu 681 kuwapendekeza, ninyi mnajaza 842. Waombaji ni wengi mno kuliko nafasi na wengi hukataliwa, kwa hiyo msiache njia nyingine yoyote mliyo nayo UNHCR. Kaka yako huko akihitaji mkalimani wa Kiswahili apige 131 450. Na kila mtoto aliyezaliwa kambini aandikishwe na kutajwa, hata mchanga wa wiki moja.

Dada, vyeti vyetu vina majina yasiyofanana. Ni tatizo kweli? – Bibi Harusi, Moshi

Ni tatizo. Usiku mmoja Tanga tulitandaza kila karatasi juu ya mkeka: cheti cha kuzaliwa kilisema Mwanaisha, cha kidato cha nne Mwanaesha, paspoti Aisha. Mtu mmoja wote hao. Tulikuwa tumeshalipia tathmini ya taaluma kwa jina moja na IELTS kwa jingine, ikabidi kurudia mtihani. Anzeni na paspoti, mitihani yote ifuate jina lililomo humo, na kwa vyeti vya zamani mle kiapo mbele ya wakili kinachotaja majina yote. Vyeti vya Kiswahili vitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika. Cheti cha polisi msikiharakishie: wengi hukichukua mwanzoni kabisa, kikapitwa na muda kabla mwaliko haujafika. Mwaliko wa visa ya pointi ukija mna siku 60 za kuwasilisha ombi.