Nani anajua uko hapa?

Mhariri, swali lenu la wiki hii limenigusa kuliko yote mliyowahi kutuuliza: "Mmefahamiana mtandaoni, sasa mnataka kuonana ana kwa ana. Utajilindaje?" Nimekaa mapokezi ya gesti moja karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro, miaka 11 sasa. Jibu langu linatoka kwenye kitabu cha wageni.

Aliyewahi kulala gesti anakijua kitabu hicho: jina, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda, saini. Waliokuja kuonana kwa mara ya kwanza nawatambua mapema. Mmoja hutangulia, hukaa kwenye benchi na simu mkononi, na kila bajaji ikisimama nje anainua kichwa. Nikimpa kalamu aandike jina, anasita kwanza. Hapo najua jina atakaloandika si lake.

Mwaka 2022, wakati reli ya SGR bado inajengwa, alikuja binti mmoja kutoka Iringa. Alikuwa amechati na kijana mmoja kwa miezi 5. Kijana alisema ni msimamizi kwenye ujenzi wa reli, na picha alizokuwa akituma zilikuwa za mtu mwenye kofia ngumu na kizibao cha kung'aa. Walipanga kuonana mchana, kwenye mgahawa wa stendi, penye watu. Yaani binti alikuwa amefuata ushauri uleule ambao kila mtu anautoa. Lakini basi lilichelewa, akaingia mjini jua likizama, akachukua chumba kwetu ili aoge na kuweka mzigo. Ndipo mipango ikaanza kugeuka. Kijana akaandika: Gari limekwama kambini. Siwezi kufika mjini. Nimekutumia bodaboda, panda tu, anapajua. Na kweli bodaboda akaja, akawa anapiga honi nje.

Binti alikuja kuniomba chaja. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, nani anajua uko hapa?"

Akanyamaza. Mama yake alijua yuko Dodoma kwenye semina. Rafiki anayepanga naye chumba alijua ameenda kwao kusalimia. Kwenye kitabu changu alikuwa ameandika jina la uongo. Usiku ule, mtu pekee aliyejua binti yule yuko wapi alikuwa ni yule ambaye hajawahi kumtia machoni.

Hilo ndilo jibu langu, na ndilo ninaloliona likirudi mwaka hadi mwaka. Watu wanachunguza picha, wanachunguza maneno, lakini safari yenyewe wanaifanya siri. Mtu mbaya hahitaji kingine. Bibi zetu hawakuwa na simu, walikuwa na mshenga. Posa ikija, mtu anatumwa kwa kina muoaji kuuliza: hawa ni watu gani, mke wa kwanza aliondoka kwa nini, kuna anayepiga? Sizipambi siku zile. Wapo walioozwa kwa wanaume wakatili huku ukoo mzima unajua. Lakini muoaji naye alijua kwamba anajulikana, mtaa wake unajulikana, na binti akipotea kuna mlango utakaogongwa. Wa kwenye simu hana mshenga. Basi mshenga awe dada yako, awe shoga yako, awe shangazi asiyelaumu.

Nasema asiyelaumu kwa makusudi. Januari 2024 wanawake wawili waliuawa Nairobi, hazikupita hata wiki mbili kati ya mmoja na mwingine, kwenye nyumba za kupangisha kwa siku. Mmoja alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, miaka 20. Tarehe 27 mwezi huohuo watu wakafurika barabarani Nairobi na miji mingine ya Kenya kudai wanawake waache kuuawa. Nami nikawa nasoma maneno ya watu kwenye simu yangu: "Alifuata nini huko?" Nilisoma nikalia. Kila anayeandika hivyo anamfundisha binti mwingine kudanganya anakokwenda, na binti anayedanganya anakokwenda hatafutwi hadi siku ya tatu.

Nirudi kwa yule wa Iringa. Nilimwambia ampigie kijana kwa video. Simu ikakatwa, ukaja ujumbe kwamba kamera imeharibika. Nikamwambia aanze kumtumia shilingi 1,000, afike pale jina la mpokeaji linapotokea kabla ya kuweka namba ya siri, halafu aghairi. Likatokea jina la mwanamke. Peke yake si ushahidi, maana wengi wanatumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya mama zao au wake zao, lakini ongeza kamera, ongeza gari lililokwama, ongeza giza. Mwisho nikamwambia aandike: "Dada yangu anafanya kazi hapa, nakuja naye, na namba ya pikipiki ameshaiandika." Mwanaume mwema angenuna kidogo, kisha angesema njooni wote. Huyu hakujibu. Baada ya dakika chache picha yake ikatoweka kwenye simu, amemfungia. Honi nje nayo ikanyamaza. Mpaka leo sijui alikuwa nani.

Nikamuuliza binti ana nauli ya kurudi. Akasema hapana, alitumiwa ya kuja tu, ya kurudi angepewa hukohuko. Dada zangu, hapa naomba mnisikilize sana. Nauli ya mtu ni kamba. Ukishaila unaona umekopa, unaona aibu kuinuka na kuondoka, na yeye anaona amenunua. Kama huna pesa yako ya kwenda na kurudi, safari bado haijaiva. Mwambie yeye aje kwenu, mchana, akukute na mtu wako.

Wanaume nao msidhani hayawahusu. Nimeshafungua chumba saa nne asubuhi nikamkuta baba wa watu amelala na viatu, hawezi hata kutaja jina lake, simu hakuna, kadi ya benki hakuna. Kenya kuwekewa dawa namna hiyo wanaita kuwekewa mchele. Alipozinduka nilimwomba twende polisi akakataa, mke wake angejua. Aliyemwekea dawa alikuwa ameihesabu aibu hiyo tangu mwanzo. Kinywaji kifunguliwe mbele yako, na ukikiacha mezani ukaenda msalani, ukirudi usikiguse tena.

Kumjulisha mtu siku hizi ni kazi ndogo. WhatsApp inakuruhusu kumwonyesha mtu mmoja mahali ulipo moja kwa moja kwa muda usiozidi saa 8. Mpe na jina la unayeonana naye, namba yake na picha yake, na mkubaliane atakupigia saa ngapi na atafanya nini usipopokea. Na yule unayeonana naye mwambie wazi kwamba umefanya hivyo. Sura yake itakueleza mengi.

Asubuhi yake binti alishuka ngazi anatetemeka. Namba ngeni ilikuwa imemtumia picha zake mwenyewe, zile za faragha alizompa yule kijana mwezi wa tatu wa mapenzi yao, na chini yake: elfu hamsini au ziende kwa mama yako. Nilimweleza kwamba asitume hata mia, kwa sababu anayelipwa leo hurudi kesho. Asifute ule ujumbe. Namba aipeleke 15040, kule TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, wanakopokea taarifa za matapeli. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa mtu anayetishia wenzake namna ile, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto ambako angeweza kuongea na askari faraghani. Alikuwa anaitikia tu. Hakuwa akiogopa kitu kingine chochote duniani isipokuwa mama yake kujua.

Nikamwambia, basi mwambie wewe, kabla yake. Akijua mama, huyu amebaki na nini cha kuuza?

Alikaa kwenye lile benchi karibu nusu saa. Kisha akapiga, akaweka sauti ya nje kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka. Akasema yote, Morogoro, kijana, picha. Mama alinyamaza hadi nikadhani salio limekwisha. Halafu akauliza kama mtoto amekula, na basi la Iringa linaondoka saa ngapi.