Uchovu wa wahudumu na unyanyasaji wa wazee

Umeuliza kama mhudumu anayemfokea mzee kwenye makao ya wazee ana roho mbaya tu, au kazi ndiyo imemfikisha hapo. Mara nyingi ni kazi, ingawa hilo halimpunguzii mzee maumivu. Shirika la Afya Duniani linasema wahudumu 2 kati ya 3 katika makao ya aina hii wamekiri kufanya aina fulani ya unyanyasaji ndani ya mwaka mmoja. Wote hao hawawezi kuwa watu wabaya.

Mtu akichoka kupita kiasi, moyo hufa ganzi: anaanza kumwona mzee kama kazi ya kumaliza, si mtu. Ndipo mzee anaanza kuburutwa badala ya kusaidiwa, au kuachwa na nepi iliyolowa kwa saa nyingi. Huko kupuuzwa nako ni unyanyasaji, hata kama hakuna kofi lililopigwa, na wengi hawalitambui hilo.

Semina peke yake haitoshi, jamani! Ongezeni wahudumu, hasa zamu ya usiku, na anayeripoti asifukuzwe. Anayepiga kwa makusudi aondolewe mara moja.