Blue Ridge mwezi wa Oktoba: siku tatu hazitoshi

Shikamoo mzee. Umeuliza kama wewe na mama mnaweza kuimaliza Blue Ridge Parkway, ile barabara ya milimani huko Marekani, kwa siku tatu, mkilala hemani. Kuimaliza mtaimaliza, ila mtaiona kupitia kioo tu. Ni kilomita 755, mwendo wa juu kabisa ni kilomita 72 kwa saa, na hakuna kituo cha mafuta barabarani. Mpaka mshuke mjini. Tengeni siku sita. Kabla ya kuondoka, angalieni vipande vilivyofungwa, maana kimbunga Helene cha 2024 kiliiharibu sana upande wa jimbo la North Carolina.

Majani huanza kubadilika rangi vileleni, ndipo mabondeni.

Baridi ya usiku hupandia ardhini. Godoro la upepo peke yake halisaidii. Tandikeni la povu pia. Mtungi wa jiko wenye gesi ya butani pekee hugoma karibu na nyuzi 0, chukueni uliochanganywa na propani. Jiko lisiwashwe hemani hata kidogo: hutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Chakula kifungieni garini, dubu wapo.

Kambi nyingi hufungwa mwishoni mwa Oktoba. Mkiwa na miaka 62 au zaidi, na ni raia au wakazi wa kudumu wa Marekani, pasi ya wazee ya hifadhi za taifa mara nyingi hupunguza ada ya kambi kwa nusu.