Kwa Nini Utoe Hata Kama Huna Mtoto Darasani

Mwanangu mpendwa,

Salamu katika Bwana. Ujumbe wako nimeusoma, nikaurudia. Umesema usharika umekupa fomu ya ahadi ya mwaka ujao, na ulipoitazama bajeti ukaona fungu kubwa linakwenda kwenye shule ya kutwa ya usharika. Unaniuliza: "Mama, wazazi wa watoto wale wanalipa ada. Mimi sina mtoto pale. Kwa nini nitoe tena? Na nikitoa, je, si kama ninanunua kibali mbele za Mungu?" Ni maswali ya haki, na wewe ni mtu mzima mwenye mshahara na nyumba yako. Sitakujibu kwa mkato.

Nianze na la pili, maana likikaa sawa, la kwanza litafuata lenyewe. Kanisa letu la Kilutheri limezaliwa kwenye ugomvi wa fedha na neema. Martin Luther, yule Mjerumani aliyeanzisha matengenezo ya kanisa, alipoandika hoja zake 95 mwaka 1517, kilichomchoma moyo ni vyeti vya msamaha walivyouziwa waumini, kana kwamba huruma ya Mungu ina bei. Hoja ya 43 inataka Wakristo wafundishwe kwamba anayempa maskini au kumkopesha mhitaji anafanya vizuri kuliko anayenunua vyeti hivyo. Ya 46 inasema asiye na ziada abakize kinachowatosha wa nyumbani kwake, wala asikitapanye kwenye vyeti. Hiyo ya 46 huwa naikumbuka sana nikimsikia mhubiri anayemshurutisha mjane mwenye watoto wadogo atoe hata akiba ya chakula ili abarikiwe. Yule mjane wa hekaluni alitoa mwenyewe, hakuna aliyemshika mkono, na Yesu alimsifu baada ya kuwaonya watu juu ya waandishi wanaokula nyumba za wajane.

Kwa hiyo hapana, hununui chochote. Ulihesabiwa haki bure, kwa imani, kabla hujajua hata kuhesabu fedha. Mungu haihitaji bahasha yako. Anayeihitaji ni mtoto wa darasa la kwanza, mwalimu wake, mchungaji, na mgonjwa anayetembelewa na mwinjilisti. Kwa kuwa huna deni la kumlipa Mungu, sadaka yako yote iko huru kwenda kwa jirani.

Sasa jambo ambalo watu hawalisemi sana. Vyeti vilipokataliwa, na misa za kulipiwa zikaachwa, mifuko nayo ilikauka. Watu waliokuwa wakitoa kwa hofu waliambiwa wako huru, na wengi wakaona uhuru ule ni ruhusa ya kufunga mkono. Shule zilizokuwa chini ya nyumba za watawa zilianza kupoteza wanafunzi. Luther hakunyamaza. Mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani akiwataka waanzishe na kutunza shule za Kikristo. Aliwauliza: kila mwaka mnatumia fedha nyingi kwa bunduki, barabara, madaraja na mabwawa ili mji ukae salama, mbona hamtumii walau kiasi kama hicho kwa vijana, mkaajiri mwalimu mmoja au wawili? Akasema kama mtu anatoa gulden moja, sarafu ya siku zile, kupigana na Waturuki, ni haki atoe mia moja kwa shule, hata kama ingemlea kijana mmoja tu awe Mkristo wa kweli. Na aliwakumbusha raia kwamba zamani walipoteza mali nyingi kwa vyeti, misa na safari za hija. Sasa wamewekwa huru na hasara ile, basi watoe sehemu yake kwa shule, kwa shukrani. Wasichana hakuwaacha nje. Alitaka nao wawe na muda wao wa shule kila siku.

Hapo ndipo jibu langu lilipo, mwanangu. Hakuwaandikia wazazi peke yao. Aliuandikia mji mzima, na ndani yake walikuwamo wazee, wajane na wasio na watoto. Mtoto wa mwingine ni mzigo wa wote, maana siku moja atakuwa diwani wako, mhasibu wako, mchungaji atakayekuzika.

Mwaka mmoja kabla ya barua hiyo, usharika wa mji mdogo wa Leisnig, huko Saksonia, jimbo la Ujerumani, ulikuwa umeandika utaratibu wa kasha la pamoja, na Luther akauandikia dibaji. Ningependa kila mzee wa kanisa ausome. Kasha lilikuwa na kufuli nne zenye funguo tofauti, na funguo ziligawiwa kwa makundi manne: makabaila, baraza la mji, wenyeji wa mjini na wakulima wa vijijini. Hakuna aliyeweza kulifungua peke yake. Wasimamizi kumi walichaguliwa kutoka makundi hayo hayo. Fedha za kasha zilimlipa mchungaji, zikamlipa mwalimu wa wavulana na mwanamke wa kufundisha wasichana, zikatunza majengo, zikawasaidia yatima na wazee wasiojiweza. Mapato yasipotosha, kila mwenye nyumba achangie kila mwaka kwa kadiri ya uwezo wake. Ona: mchungaji, mwalimu na maskini walikula kasha moja. Kwao shule ilikuwa ndani ya usharika kama kwaya ilivyo ndani ya ibada.

Turudi kwenye ada. Unajua nimekaa kwenye hazina ya usharika na baadaye kwenye bodi ya shule, kwa hiyo nitakueleza jinsi fedha zinavyotembea. Ada ya shule kama ile hupangwa chini ya gharama halisi, tena kwa makusudi. Bodi ingeweza kuchukua gharama zote, ikazigawa kwa idadi ya watoto, ikawatumia wazazi ankara. Vitabu vya hesabu vingependeza. Lakini darasani wangebaki watoto wa wenye nafasi tu, na mtoto wa mlinzi, au wa mama anayelea peke yake, angebaki nje ya shule yenye jina la kanisa lake mwenyewe. Pengo kati ya ada na gharama ndipo sadaka yako inapoingia. Ukiliondoa fungu lile kwenye bajeti, shule itaendelea, ila itakuwa shule ya wanaoweza kulipa, iliyopanga kwenye kiwanja cha kanisa.

Halafu kuna suala la wakati. Ada huingia kwa mikupuo, mwanzoni mwa muhula, na baadhi ya wazazi humaliza kulipa muhula ukiwa ukingoni. Mishahara ya walimu haingoji. Hulipwa kila mwezi, likizo zote zikiwamo. Miezi ya likizo ndiyo pia watu husafiri na kikapu cha sadaka kuwa chepesi. Mtunza hazina asiyejua kitakachoingia huanza kukopa huku na kulipa kule, na mwisho mwalimu ndiye anayesubiri. Mwalimu anayesubiri mshahara mwezi wa pili hatapiga kelele, atatafuta tu shule nyingine, na watoto watampoteza katikati ya mwaka. Fomu ya ahadi imewekwa kwa ajili hiyo. Inamwezesha mtunza hazina kuahidi mshahara akiwa na uhakika. Paulo alikuwa na hekima hiyo alipowaandikia Wakorintho: "Siku ya kwanza ya juma kila mtu kwenu na aweke akiba kwake, kwa kadiri ya kufanikiwa kwake." Kila juma, kila mtu, kwa kadiri. Hakutaka michango ya kukurupuka siku atakapofika.

Nimesikia wanaosema kanisa lishike injili na elimu iachiwe serikali. Serikali inafanya kazi kubwa na nzuri, na watoto wengi wa usharika wetu wanasoma huko. Siwalaumu wazazi wao hata kidogo. Ila mwaka 1528 Luther aliposhiriki kukagua sharika za Saksonia, alikuta watu wa vijijini hawajui lolote kuhusu mafundisho ya Kikristo, na wachungaji wengi wasioweza kuwafundisha. Matunda ya masikitiko yale ni Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, kitabu kifupi cha mafundisho ya imani kwa maswali na majibu, ambayo vichwa vyake vinasema mkuu wa nyumba awafundishe hivi watu wa nyumbani kwake. Nyumbani ndiko kwanza, hilo halibadiliki. Shule ya usharika humshika mkono mzazi anayerudi usiku amechoka, na yule ambaye mwenyewe hakufundishwa.

Siku ukipata nafasi ya asubuhi, pita darasa la watoto wadogo kabla somo la kwanza halijaanza. Mwalimu anasoma amri, kisha anauliza, "Maana yake ni nini?" na darasa zima linajibu kwa pamoja, mmoja nyuma akichelewa maneno mawili. Kisha anawauliza nani mgonjwa nyumbani, mikono inanyanyuka, wanawaombea kwa majina. Baada ya hapo daftari za hesabu zinafunguliwa. Ni mwalimu yule yule anayesahihisha kujumlisha kwao na kuwatenganisha wanapopigana, na wanajua yeye naye husali. Galatia 6:6 inasema, "Mwanafunzi na amshirikishe mkufunzi wake katika mema yote." Mtoto hana cha kumshirikisha mwalimu. Tunamshirikisha sisi kwa niaba yake.

Siahidi kwamba watoto wote watakuwa washarika. Wengine wanatoka familia za imani nyingine, wengine wakishapata kipaimara huwaoni tena. Usiipime sadaka yako kwa hesabu ya waliobaki.

Kuhusu kiasi. Hatufundishi kwamba fungu la kumi ni sheria inayomfunga Mkristo. Luther alilisifu mwaka 1525 kama kielelezo kizuri kutoka kwa Musa, kwa sababu hupanda na kushuka pamoja na mavuno: ukipata kingi unatoa kingi, ukipata kidogo hubanwi. Mimi na baba yako tumelitumia kama kipimo, na miaka mingine tumelipita. Wewe una mkopo wa nyumba na unamsomesha mdogo wako. Hayo nayo ni utumishi, na deni ni la kulipwa. Kaeni wewe na mkeo, mpange sehemu fulani ya kipato, iwe sehemu na isiwe kiasi kisichobadilika, na itoke mwanzo wa mwezi kabla matumizi hayajaila. Anza na sehemu unayoweza kuishika mwaka mzima. Asikushurutishe mtu, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima" ni maneno ya Mtume Paulo, na hata mchungaji yuko chini yake.

Jambo moja ninalokuomba sana: usiifungie sadaka yako yote kusudi moja. Watu hupenda kuchangia jengo, kwa sababu jengo linaonekana na lina siku ya uzinduzi. Hakuna anayezindua bili ya umeme, sabuni ya vyoo, wala mchango wa pensheni wa mwalimu. Ukitaka kutoa zawadi ya pekee kwa maktaba, toa, lakini iwe juu ya ahadi yako. Na kama shule ina mfuko wa kudumu, ule ambao mtaji hauguswi na faida yake ndiyo inayosomesha watoto wasiojiweza, ukumbuke mambo yako yakinyooka. Sisi tumeuandika kwenye wasia wetu, na wewe na ndugu zako mnapaswa kulijua hilo mapema.

Una haki ya kuuliza fedha zinakwenda wapi, na usione aibu. Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya Yerusalemu hakuubeba peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu waliochaguliwa na makanisa, asije mtu akamlaumu kwa habari ya karama ile. Katika hazina yetu tulihesabu sadaka baada ya ibada, mlango wazi, watu wasio wa nyumba moja. Mmoja anahesabu, mwingine anarudia, jumla inaandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, wote wanasaini, kisha fedha inakwenda benki na hati ya benki inabanwa kwenye ukurasa ule ule. Akaunti ya shule na ya usharika zilitenganishwa, na uhamisho wowote kati yake ulikuwa na muhtasari wa kikao. Kwenye mkutano mkuu wa usharika omba taarifa ya mkaguzi. Ukiona hakuna, simama uiulize kwa upole, na uendelee kuuliza mpaka ije. Kuacha kutoa kimyakimya hakumrekebishi mtu yeyote, na anayeumia ni mwalimu.

Ninasema haya yote kwa sababu ninaipenda shule ile, na ninakupenda wewe zaidi. Fomu irudishe kabla baraza la wazee halijapitisha bajeti, kwa kuwa idadi ya watoto watakaopunguziwa ada hupangwa kwa ahadi zilizokwisha kufika. Wewe ni mzuri wa hesabu, na bodi za shule huwa na shida ya watu wa namna hiyo. Wakikuomba, usikatae kabla hatujaongea.

Nisalimie mkeo, na mdogo wako mwambie nasubiri matokeo yake ya mtihani.

Mama yako