Inchi 2 zinatosha: namna ya kuinua gari la 4x4 kwa bajeti ndogo

Nikiulizwa kuhusu kuinua gari, swali la kwanza huwa ni lilelile: niweke inchi ngapi? Mimi huanza kwa kumuuliza mwenye gari: gari lako linabeba nini siku za kawaida? Mzigo ndio unaochagua springi, springi ndiyo inayochagua shokapu, na ukishafika hapo suala la urefu linakuwa karibu limekwisha. Anayeanza na urefu hununua vitu mara mbili, na mwenye bajeti ndogo hana fedha ya kununua mara mbili.

Gari langu limeinuliwa inchi 2, yaani milimita 50 hivi. Nimelitumia hivyo kwa miaka, na nimeshika spana kwenye magari ya marafiki waliofunga seti za kila aina. Msimamo wangu haujabadilika: kwa fedha kidogo, inchi 2 zenye springi sahihi na shokapu nzuri zinakufikisha mbali kuliko inchi 4 za vifaa hafifu.

Kuinua kunakupa nini hasa

Chukua gari lenye ekseli nzima mbele na nyuma, yaani boriti moja ya chuma inayounganisha tairi la kushoto na la kulia, kama Land Cruiser 80, Defender ya zamani au Jimny. Difu, yaani lile boksi la gia linalogawa nguvu kwa matairi mawili, imo ndani ya ekseli, na ekseli imebebwa na matairi. Ukiweka springi ndefu, chesisi na bodi vinapanda, difu inabaki palepale. Jiwe lililokuwa likigonga difu kabla hujatumia hata senti litaendelea kuigonga. Kinachopandisha difu ni tairi kubwa, na hata hilo linakupa nusu tu: tairi lililozidi la zamani kwa inchi 2 za kipenyo linapandisha ekseli inchi 1.

Kwa hiyo springi ndefu ni za nini? Zinatoa nafasi ya kuweka hilo tairi kubwa bila kukwangua madigadi. Zinaliinua tumbo la gari unapovuka tuta kali. Bampa la mbele linakuwa halichimbi ardhi unapoanza kupanda mwinuko, na la nyuma halikwami unapotoka korongoni. Na kama shokapu zina urefu unaolingana nazo, tairi linaweza kushuka zaidi kwenye shimo na kuendelea kukanyaga chini. Hili la mwisho ndilo ninalolithamini kuliko yote, kwa sababu tairi linaloning'inia hewani halisukumi gari.

Kwenye magari ambayo kila tairi la mbele lina mkono wake, kama Hilux au Prado, difu ya mbele imefungwa kwenye chesisi, kwa hiyo inapanda pamoja nayo. Lakini shafti zinazopeleka nguvu kwenye matairi zinabaki zimeinama zaidi, na viungo vyake pamoja na mipira inayovifunika vinaumia. Kwa magari hayo, ukivuka inchi 2 au 3 unaanza kununua vifaa vingine vya kurekebisha pembe, na bajeti inakimbia.

Pima kabla ya kununua

Egesha gari mahali tambarare. Chukua futi kamba, weka ncha moja katikati kabisa ya kikombe cha rimu, kisha panda wima hadi ukingo wa madigadi. Andika kipimo cha pembe zote nne. Usipime kutoka ardhini, maana upepo wa tairi na kuisha kwake vitakudanganya. Ukilinganisha vipimo hivyo na vya gari lilipotoka kiwandani, mara nyingi unagundua kuwa springi za zamani zimelala na gari limepoteza sehemu ya urefu wake. Wapo marafiki zangu waliotulia baada ya kuweka springi mpya za urefu wa kawaida tu, kwa sababu shida yao ilikuwa uchovu wa springi.

Hatua inayofuata wengi huiruka: peleka gari kwenye mizani. Lijaze mafuta, pakia vile unavyosafiri, wapandishe unaosafiri nao, kisha pima ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Bampa la chuma pamoja na winchi vinaweza kuongeza kilo 100 hivi pale mbele. Nyuma kuna tangi la maji, sanduku la vifaa, tairi la ziada. Watengenezaji wengi wa springi hutoa urefu uleule kwa viwango tofauti vya mzigo, na muuzaji mzuri atakuuliza uzito kabla hajakutajia bei. Asipouliza, mpe wewe namba zako.

Kosa linaloonekana sana ni kuchukua springi ngumu kuliko zote kwa kudhani ngumu ndiyo imara. Springi ya kubebea kilo 400 za kudumu ikiwekwa kwenye gari tupu inalipandisha kupita kipimo kilichoandikwa, inarukaruka kwenye barabara ya makorogesheni (vile vituta vidogo vinavyofuatana kama mawimbi), na nyuma inateleza kwenye kona za changarawe. Ikiwa laini kupita kiasi, gari linakalia stopa za mpira, vile vipande vinavyozuia ekseli isigonge chesisi, na kila shimo linapiga kwenye uti wa mgongo. Ukibeba mzigo mzito mara chache tu kwa mwaka, chagua springi ya mzigo wako wa kila siku, halafu kwa safari hizo chache tumia mifuko ya hewa inayoingia ndani ya springi za koili.

Shokapu ndipo pa kuweka fedha

Springi inabeba gari. Shokapu inazuia gari lisiendelee kudunda. Kila mdundo unageuka kuwa joto ndani ya oili ya shokapu. Kwenye makorogesheni ya muda mrefu oili inachemka, inachanganyika na hewa na kutoa povu, na ghafla usukani unakuwa kama hauna uzito. Shokapu hafifu inafika hapo mapema. Kwa hiyo kama lazima upunguze mahali, usipunguze hapa. Rahisi ghali.

Huhitaji zile zenye matangi ya pembeni. Kwa matumizi ya watu wengi, shokapu ya mirija miwili, nene, yenye gesi ya naitrojeni kutoka kwa mtengenezaji anayeaminika inatosha kabisa. Tena ina faida moja isiyosemwa sana: jiwe likibonyeza mrija wa nje, pistoni inaendelea kutembea kwenye mrija wa ndani. Ile ya mrija mmoja inapoa haraka zaidi, ila bonyezo moja baya linaweza kukwamisha pistoni. Kabla ya kulipa, uliza kama shokapu moja inauzwa peke yake na kama bushi zake (mipira ya kwenye maungio) zinabadilishwa. Seti ambayo shokapu moja ikivuja unalazimika kununua zote nne si ya bei nafuu.

Urefu wake uangalie kwa makini. Shokapu fupi mno inageuka kamba inayoizuia ekseli isishuke, na siku moja inang'oka kwenye kishikio chake. Ndefu mno inagota ndani kabla stopa ya mpira haijafanya kazi. Mimi hupima hivi: kama fimbo ya shokapu inaonekana, naifunga kwa ile kamba ya plastiki ya kufungia nyaya, naisukuma hadi ifike kwenye mwili wa shokapu, kisha naenda njia mbaya. Nikirudi, pale kamba iliposimama ndipo shokapu ilipofika. Ikiwa imesukumwa hadi mwisho wa fimbo, shokapu imegota, na stopa inahitaji kurefushwa.

Njia za mkato

Si kila njia ya bei nafuu ni mbaya. Spesa, yaani kipande cha kujazia nafasi, ya juu ya shokapu za mbele, kwenye magari ambayo springi na shokapu ni kitu kimoja, inafaa kama shokapu bado ni nzima na unataka kupanda kidogo. Jua tu kwamba spesa ya milimita 25 inaweza kupandisha gari karibu milimita 50, kwa sababu shokapu imefungwa katikati ya mkono na si kwenye tairi lenyewe. Spesa haiboreshi springi wala shokapu. Spesa zinazowekwa kati ya bodi na chesisi ni jambo jingine kabisa: zinatoa nafasi ya tairi, chesisi haipandi, na itabidi uangalie shafti ya usukani, mabomba ya rejeta na gia.

Springi za nyuma za mapande bapa zinaweza kuongezewa pande moja, na hilo nalikubali. Kurefusha vishikio vyake vya kuning'inizia kunakupa nusu ya kile ulichorefusha: inchi 2 za kishikio, inchi 1 ya gari. Vipande vya chuma vinavyowekwa kati ya springi na ekseli visikae mbele kamwe, na hata nyuma usipandishe kimoja juu ya kingine. Kuchoma springi moto ni kumaliza ugumu wake. Usikubali fundi yeyote akushawishi.

Vifaa vilivyotumika? Springi ndiyo, ikiwa imenyooka, haina kutu ya kula chuma, na ukizisimamisha mbili sakafuni zinalingana urefu. Shokapu hapana.

Vitu visivyomo kwenye boksi

Bei ya seti si bei ya kazi, na hapa ndipo bajeti nyingi zinapokufa. Ukiinua gari lenye ekseli nzima mbele, mikono inayoishika ekseli inainama na kuizungusha kidogo, kiasi kwamba usukani unapoteza ile tabia ya kurudi katikati wenyewe. Kwenye mwendo wa taratibu hutahisi kitu. Ukifika kilomita 90 kwa saa, gari linatangatanga na mikono yako haipumziki. Dawa ni bushi maalumu zenye tundu lililosogezwa pembeni, au bamba za kurekebisha pembe. Ziweke kwenye hesabu tangu mwanzo. Kwenye Hilux na jamaa zake, fundi wa alaimenti (anayepanga pembe za matairi) anaweza kushindwa kurudisha pembe mahali pake mpaka ubadilishe mikono ya juu, kwa hiyo ongea naye kabla hujanunua.

Jambo ninaloliomba sana, na ambalo sioni likitajwa vya kutosha, ni breki za nyuma. Magari mengi ya aina hii yana vali chini ya chesisi iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo. Gari likibeba mzigo, chesisi inashuka, fimbo inasukuma vali, na breki za nyuma zinapata nguvu zaidi. Ukiinua gari, vali inaamini kuwa gari ni tupu hata kama umelipakia hadi darini, na breki za nyuma zinapunguziwa nguvu. Kishikio cha kuisogeza fimbo hiyo ni kipande kidogo cha chuma ambacho fundi hukitengeneza au hununuliwa tayari. Lala chini ya gari ukiangalie kwa macho yako. Ukiwa huko chini, angalia mipira ya breki na nyaya za ABS ekseli ikiwa imening'inia kabisa: zisikazwe.

Urefu ukibadilika, taa za mbele nazo zinaangaza juu zaidi na kuwapofusha wenzako. Zishushwe siku hiyohiyo. Uliza pia sheria ya mahali ulipo inaruhusu kiasi gani na bima yako inasemaje, kabla ya kulipa.

Siku ya kufunga, msimamie fundi kwenye jambo moja. Bushi za mpira za kiwandani hazizunguki kwenye bolti, zinajipinda. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki na matairi yananing'inia, zitakuwa zimepindwa muda wote gari linapokaa chini, na zitachanika mapema. Bolti zishikwe kwa mkono tu, gari lishushwe, litikiswe, ndipo zikazwe kwa kipimo. Baada ya kilomita mia chache kaza tena zote, na pima tena kutoka kikombe cha rimu hadi madigadi, kwa sababu springi mpya hukaa chini kidogo.

Kama fedha haifiki kwenye springi na shokapu kwa pamoja, ushauri wangu ni kungoja badala ya kununua nusu. Wakati unangoja, badilisha bushi zilizochoka, na kama matairi yamekwisha anza na hayo. Kisha nunua kipima upepo na kompresa ndogo. Ukishusha upepo wa matairi kwenye mchanga, mguso wake na ardhi unarefuka na gari linapita mahali ambapo lilikuwa linazama, bila kugusa springi hata moja. Endesha polepole ukiwa umeshusha upepo, usikate kona kwa ghafla tairi lisije likatoka kwenye rimu, na ujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami.